Kuchuja anwani kwenye daraja la mtandao ni nini?

Daraja la mtandao ni kifaa, au programu ndani ya kompyuta, kinachounga vipande viwili vya mtandao vikawa kimoja. Swichi iliyobanwa ukutani ofisini kwako ni daraja hilohilo, ila lina poti (matundu ya kuchomeka waya) nyingi. Halihangaiki na anwani za IP. Linachosoma ni anwani ya MAC, namba ya biti 48 inayotambulisha kifaa kwenye mtandao na inayoandikwa kwa jozi sita, kama 00:00:5E:00:53:1A.

Kila fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, hubeba anwani mbili: ya mpokeaji, kisha ya mtumaji. Daraja huisoma ya mtumaji na kuandika kwenye jedwali lake kuwa huyu yuko poti fulani. Kwenye Linux, asiposikika kwa sekunde 300 hufutwa, usipobadilisha mpangilio. Fremu inayokwenda kwa mtu asiyemo kwenye jedwali hupelekwa poti zote isipokuwa ile iliyoingilia.

Kuchuja ni kuweka sharti kabla fremu haijavuka: hii ipite, hii itupwe. Kwenye Linux sharti moja huandikwa hivi, kwa programu iitwayo ebtables:

ebtables -A FORWARD -s 00:00:5E:00:53:1A -j DROP

Hapo -s ni mtumaji, na DROP ni kutupa. Ungeweka -d ingekuwa mpokeaji. FORWARD ni fremu zinazovuka tu, na hapa wengi huteleza: mashine uliyoizuia bado inaweza kuzungumza na daraja lenyewe mpaka uandike sharti jingine kwenye INPUT, yaani kwa fremu zinazoishia kwenye daraja lenyewe. Masharti husomwa kutoka juu kwenda chini, na la kwanza linalolingana na fremu ndilo linaloamua. Fremu isiyoguswa na sharti lolote hufuata kanuni ya jumla, ambayo ni kuruhusu, usipoigeuza.

Mimi niliigeuza. Kwenye ofisi moja ndogo niliorodhesha anwani za wapokeaji ninaowatambua, nikaamuru nyingine zote zitupwe. Jioni kila kitu kilikuwa shwari, nikaenda zangu. Asubuhi simu ikaita: kompyuta zimewashwa, hakuna hata moja iliyopata anwani ya IP. Nilikuwa nimesahau ff:ff:ff:ff:ff:ff, anwani ya wote. Kompyuta inapoamka huomba IP kwa kupiga kelele kwa kila mtu, na humtafuta jirani yake kwa ARP, njia ya kuuliza MAC ya mwenye IP fulani, vivyo hivyo. Daraja langu lilikuwa linatupa kelele zote. Za jana yake zilikuwa zimeshafahamiana, ndiyo maana sikushtuka. Tangu hapo nikiorodhesha watu huorodhesha watumaji, siyo wapokeaji, na anwani ya mashine ninayofanyia kazi ndiyo huitangulia orodha, nisije nikajifungia nje.

Usilichukulie chujio hili kama kufuli. Anwani ya MAC hubadilishwa kwa amri moja, na mwenye nia mbaya akishasikiliza mtandao ataiga ya mashine iliyoruhusiwa. Linafaa kupanga mambo: printa isionekane upande wa wageni, mashine inayomwaga fremu hovyo inyamazishwe.

Simu nazo zimeongeza kazi. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hubuni anwani yake kwa kila Wi-Fi inayojiunga nayo, hivyo ile uliyoinakili kutoka mtandao mwingine haitalingana. Kuitambua anwani ya kubuni ni rahisi: tarakimu ya pili ikiwa 2, 6, A au E, anwani hiyo haikutoka kiwandani.