Leseni huria hainyang'anyi msanii wimbo wake

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi: msanii akipakia wimbo kwa leseni huria, ameshaugawa, hakimiliki imekwisha. Si kweli.

Hakimiliki inabaki kwako. Leseni huria, kama zile za Creative Commons (CC), ni ruhusa unayoitoa mapema, kwa masharti uliyochagua mwenyewe. Tazama herufi zilizo chini ya wimbo: BY, atakayeutumia akutaje, NC, asiutumie kibiashara, ND, asisambaze toleo alilolibadilisha, SA, toleo lake nalo litoke kwa leseni ileile. Wimbo wenye BY-NC-ND unasambazwa bure, lakini kampuni ikiutaka kwa tangazo lake, lazima ije izungumze nawe. Bonyeza herufi hizo usome maelezo. Ni mafupi kuliko watu wanavyodhani.

Nadhani neno “huria” ndilo linalopoteza wengi, wanasikia “hauna mwenyewe”. Halafu ipo CC0, ambayo kweli mwenye kazi huachilia haki zake, nayo huchanganywa na leseni hizi.

Hofu moja ina msingi: ruhusa ukishaitoa, huwezi kumpokonya anayefuata masharti. Kwa hiyo chagua kwanza, ndipo upakie. Na ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.