Kamera za kutegea wanyama Unguja na Pemba: yanayosemwa na yalivyo

Kamera ya kutegea ni kisanduku kinachofungwa mtini na kupiga picha chenyewe mnyama anapopita. Waongoza watalii, wanafunzi na kamati za misitu za vijijini wanaziulizia sana siku hizi, na wengi hurudi na kadi iliyojaa picha za majani. Mara nyingi kamera yenyewe haina kosa, ila aliyeitega aliambiwa mambo yasiyo sahihi.

“Megapikseli nyingi ndiyo kamera bora.”

Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, 24 au 36, kwa kawaida si uwezo halisi wa kamera. Programu ya ndani huchukua picha ndogo na kuivuta ionekane kubwa. Kuvutwa huko hakuongezi hata doa moja ubavuni mwa mnyama, kunajaza kadi tu. Muulize muuzaji mambo mengine. Kwanza, kamera inachukua muda gani kutoka kumhisi mnyama hadi kupiga picha ya kwanza? Kwa njia ya paa usikubali zaidi ya nusu sekunde. Pili, taa yake ya usiku ni ya aina gani? Ya nanomita 850 (kipimo cha mawimbi ya mwanga) inamulika mbali zaidi lakini macho ya mtu yanaona wekundu hafifu. Ya nanomita 940 karibu haionekani kabisa, ila haifiki mbali na picha zake huwa na ukungu. Ndani ya msitu, mbali na watu, 850 inafaa zaidi.

“Chochote kikipita mbele yake, kitapigwa.”

Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko zote. Kamera hailindi mlango macho wazi. Imelala hadi iamshwe, na kinachoiamsha ni kihisi cha joto kilicho nyuma ya kile kiplastiki cheupe chenye mistari. Kihisi hicho kinaligawa eneo la mbele vipande vipande na kulinganisha joto la kipande na cha jirani yake. Tofauti ya joto inapohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, ndipo kamera inaamka.

Mnyama anayekatiza mbele yake anavuka vipande vingi upesi, kwa hiyo anahisiwa mara moja. Anayekuja uso kwa uso anakaa ndani ya kipande kilekile na huchelewa kuhisiwa. Lakini ukiielekeza kamera moja kwa moja kukata njia, mnyama anapita na kuacha mkia tu kwenye picha. Iweke mshazari, kama nyuzi 45 na njia.

Joto la mahali nalo lina neno. Kwenye maweni ya Kiwengwa, adhuhuri ya kaskazi, jiwe la matumbawe lililopigwa na jua hupata joto linalokaribia la mwili wa mnyama. Tofauti ikikosekana, kamera haiamki. Njule, mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayetafuta chakula chake mchana, anaweza kupita mita mbili mbele yake bila kupigwa. Tega kivulini, na usiisome kadi ya mchana kama kwamba inasema yote.

Kinyume chake ni jani. Ukindu uliopigwa na jua ukitikiswa na upepo ni joto linalohama, na kamera itaupiga mamia ya mara kwa siku. Ondoa majani na nyasi zilizo ndani ya mita tatu mbele ya kamera, basi. Hapana haja ya kufyeka zaidi, na ndani ya hifadhi usikate mti. Mti wa kufungia uwe mnene, kwani mwembamba unayumba upepo wa kusi ukishika.

Kabla ya kuondoka, iweke kamera kwenye hali ya majaribio, kisha pita mbele yake ukitambaa. Kama kitaa hakiwaki pale mnyama atakapopita, rekebisha.

“Ifunge juu ili ione mbali.”

Paa nunga na chesi, paa wadogo wa msituni, ni wanyama wafupi. Kamera iliyofungwa usawa wa kifua cha mtu itampiga mgongo tu, au haitamhisi kabisa. Funga sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mita 2 hadi 4 kutoka njiani. Maweni yakikosa mti wa kufaa, simika kigingi na ukishindilie kwa mawe. Usiielekeze mashariki wala magharibi: jua la asubuhi au la jioni litaingia kwenye lenzi. Kaskazini inafaa, kusini ni bora kidogo.

Jozani kuna tahadhari ya ziada. Sehemu za msitu ule hujaa maji wakati wa masika, na kamera iliyofungwa chini itazama. Tafuta palipoinuka. Maneno “haiingii maji” kwenye boksi yanahusu mvua, nayo yanategemea mpira wa mlangoni: punje ya mchanga au sisimizi mmoja aliyebanwa hapo anatosha kupitisha unyevu. Ufute kila unapofungua, na weka ndani kipakiti kikavu cha silika, kinachonyonya unyevu.

“Betri ni betri.”

Kamera nyingi hutumia betri nane za AA. Za kawaida za volti 1.5 zikiunganishwa mfululizo zinatoa volti 12, ila volti hushuka kadiri zinavyotumika, na taa ya usiku huwa ya kwanza kufifia. Za kuchaji zina volti 1.2, jumla 9.6, baadhi ya kamera huzihesabu kuwa zinakwisha wakati zimejaa. Lithiamu ni ghali lakini hushikilia nguvu hadi karibu na mwisho. Usichanganye kuukuu na mpya: kuukuu ndizo zinazovuja.

“Saa niliyoiweka ni sahihi.”

Kamera inahesabu kuanzia saa sita usiku. Saa mbili usiku yetu ni 20:00. Ukiandika 02:00, kumbukumbu zote zinakwenda kombo kwa saa kumi na nane. Kila ukibadilisha betri, ishikie simu yako mbele ya kamera ikionyesha saa, ipigwe picha.

“Hajapigwa picha, basi hayupo. Amepigwa, basi ni chui.”

Uchui wa Unguja, mnyama mdogo mwenye madoa na pete mkiani, alipigwa picha za kwanza akiwa hai mwaka 2003 tu. Wiki moja ya kimya haithibitishi kitu. Acha kamera mwezi mzima au zaidi, na sehemu kadhaa.

Kuhusu chui, video iliyotangazwa mwaka 2018 na kipindi cha televisheni ya Animal Planet ilizua mjadala ambao haujakwisha, kama chui wa Unguja bado yupo. Picha ya usiku haina rangi wala kipimo, na ngawa aliye karibu na lenzi huonekana mkubwa. Kwa hiyo baada ya kutega, simamisha fimbo yenye alama kila sentimita 10 pale njiani, ipigwe picha, kisha iondoe. Siku utakapopata mnyama wa kutiliwa shaka, utampima dhidi ya picha hiyo.

“Ukiificha vizuri, huna haja ya kumwambia mtu.”

Njia za msituni ni za watu pia, wakiwemo kina mama wanaokwenda kutafuta kuni. Ndani ya hifadhi pata kibali cha mamlaka ya misitu. Nje yake, mwambie sheha na wenye shamba. Andika jina na simu yako kwenye kisanduku. Picha za watu zifute siku hiyohiyo unapoisoma kadi.