Kabla ya kununua bastola ya kizamani ya kubeba kiunoni, elewa nyundo yake

Siku hizi tunapata maswali mengi kutoka kwa raia wenye cheti cha silaha wanaotaka kubadilisha bastola, na wengi wanataka zile za chuma za kizamani, Colt 1911, Browning Hi-Power ama CZ 75 ambayo hapa Kenya tunaiita tu Ceska. Ni silaha nzuri, hatukatai. Lakini 1911 ilichukuliwa na jeshi la Marekani mwaka huo wa 1911 ikae kwa mfuko wa ngozi juu ya sare, haikutengenezewa mtu anayeificha chini ya shati akiendesha gari kutoka Kitengela hadi mjini.

Ile saizi kamili ni kama kilo 1.1 bila risasi, na Ceska ni hivyo hivyo. Mshipi ukiwa mlegevu inashuka, unaanza kuigusagusa kila saa uirudishe mahali pake, na huko kugusagusa ndiko kunakokuuza. Chukua mshipi mgumu na holsta inayofunika triga yote, hiyo mnajua.

Sasa nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga pini inayolipua risasi. 1911 na Hi-Power, triga yake haivuti nyundo, inaiachilia tu, kwa hivyo risasi ikiwa kwa chemba, yaani tayari ndani ya mtutu, inabebwa nyundo ikiwa nyuma na sefti, ile kufuli ya usalama, ikiwa juu. Watu wakiona nyundo imesimama hivyo wanaogopa, wanaishusha na kidole gumba juu ya risasi. Jamani hii tumeisema mara ngapi? Nimesimama kando ya mtu kwa renji, kidole kina jasho, nyundo ikamponyoka na risasi ikaingia mchangani nusu hatua kutoka kwa kiatu chake, akabaki anatetemeka. Kama huwezi kutulia nyundo ikiwa nyuma, chagua nyingine, kwa mfano Ceska 75 BD ina kiwiko cha kuishusha salama. Na uliza kama ina kizuizi cha pini, kinachoizuia pini isigonge risasi kabla hujavuta triga, kwa sababu zile za zamani zikianguka chini zinaweza kulia.

Pia, kutoa magazini hakumaanishi bastola iko tupu. Hi-Power nyingi bila magazini triga haifanyi kazi, mtu anadhani imeisha, kumbe kuna moja kwa chemba inangoja magazini irudishwe.

Kuhusu cheti tafadhali someni polepole. Kinaandika aina ya silaha, kaliba, namba yake na idadi ya risasi unazoruhusiwa. 1911 nyingi ni .45, kwa hivyo mwenye cheti cha 9mm haendi dukani akabebe tu. Unaomba Bodi ya Leseni za Silaha kwanza, unangoja jibu, halafu duka lenye leseni. Kubadilishana na rafiki hata kwa wikendi moja hairuhusiwi, utashikwa na silaha isiyo kwenye cheti chako na hiyo ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kifungu cha 4, jela ni ya miaka. Mnakumbuka Desemba 2018 leseni zote za raia zilifutwa na watu wakapewa siku 90 wapigwe msasa upya, basi msidhani cheti ni mali yako ya milele.

Ukikubaliwa, kuja renji na lile shati utakalovaa kila siku, na tutaanza na bastola tupu, kushusha sefti na kuipandisha, hadi kidole gumba kizoee.