Maana ya MRI ya hali ya juu katika matibabu ya uvimbe wa ubongo

MRI, yaani kipimo cha picha kinachotumia sumaku, kikiwa cha kawaida huonyesha umbo: uvimbe uko wapi, una ukubwa gani, umesukuma nini. MRI ya hali ya juu ni jina la jumla la vipimo vya ziada vinavyofanywa kwenye mashine ileile, mara nyingi katika kikao kilekile, ili kuona yale ambayo umbo haliyaonyeshi. Vipimo hivyo hufuatilia damu inavyopita, maji yanavyotembea kati ya seli, kemikali zilizomo ndani ya uvimbe, na sehemu za ubongo zinazofanya kazi.

Kuna jambo moja linalowachanganya wagonjwa wengi. Mtu hudungwa dawa yenye gadolini, metali inayoonekana kwenye picha, kisha doa linang'aa jeupe kwenye picha, naye anaamini weupe ule ndiyo saratani yenyewe. Kwa kawaida kuta za mishipa ya damu ya ubongo huzuia vitu vingi visipenye, na weupe huonyesha mahali kuta hizo zinapovuja. Uvimbe huzifanya zivuje. Mionzi ya matibabu nayo huzifanya zivuje.

Ugumu wote unaanzia hapo. Chukua glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo. Tangu 2005, tiba iliyozoeleka baada ya upasuaji ni mionzi kwa wiki sita hivi pamoja na vidonge vya temozolomidi, dawa ya saratani. Picha ikipigwa mwezi mmoja baadaye, doa linaweza kuonekana limekua. Huenda uvimbe umekua kweli. Huenda pia ni tishu iliyojeruhiwa na matibabu, ambayo itatulia yenyewe baada ya muda. Hali hii huitwa ukuaji wa uongo. Akikosea huku, daktari ataacha dawa inayofanya kazi. Akikosea kule, ataendelea na dawa iliyoshindwa wakati ugonjwa unasonga. Vigezo vya RANO, ambavyo madaktari hutumia kupima maendeleo ya tiba, katika toleo la 2010 vilitaka tahadhari ya pekee katika wiki 12 za kwanza baada ya mionzi kwa sababu hii.

Kipimo cha mtiririko wa damu, yaani pafyusheni, husaidia hapa. Mashine hupiga picha mfululizo, haraka sana, dawa yenye gadolini inapopita kwenye mishipa, kisha kompyuta hukadiria wingi wa damu katika kila sehemu. Uvimbe mkali ulio hai hujijengea mishipa mingi, ilhali tishu iliyokufa kwa mionzi huwa na damu kidogo. Jibu halinyooki kila mara, kwani mara nyingi doa moja huwa na vyote viwili. Kwa hiyo madaktari hurudia picha baada ya wiki kadhaa, na wakati mwingine huchukua kinyama cha kupima maabara.

Kinyume cha ukuaji wa uongo pia hutokea. Dawa ya bevasizumabu huziba uvujaji, na weupe unaweza kufifia ndani ya siku chache huku seli za uvimbe zikiendelea kusambaa. Ni vigumu kumweleza hivyo mtu aliyekwisha kufurahia picha yake, lakini anastahili kuelezwa.

Kipimo cha mwendo wa maji huonyesha mahali seli zilipobanana, kwa kuwa maji hukosa nafasi ya kutembea. Spektroskopia hupima kemikali: kolini ikipanda, mara nyingi seli zinajenga kuta mpya kwa kasi.

Kabla ya upasuaji, swali huwa jingine: tukate wapi bila kumnyang'anya mtu usemi au mkono wake? MRI ya utendaji hufanywa mgonjwa akigonganisha vidole au akifikiria maneno, na sehemu inayotumika hutambulika kwa mabadiliko ya oksijeni katika damu. Traktografia nayo huchora njia za nyuzi za neva, zikiwemo zile zinazopeleka amri kwenye mikono na miguu. Ramani hizi zina mipaka. Karibu na uvimbe mishipa ya damu huenda isiitikie kama kawaida, hata sehemu muhimu ikaonekana imenyamaza. Tena fuvu likifunguliwa, ubongo husogea. Kwa sababu hiyo madaktari wa upasuaji wakati mwingine humwacha mgonjwa macho, wakazungumza naye huku wakigusa ubongo kwa umeme mdogo.

Baada ya upasuaji, picha ya kwanza hupigwa mapema, kwa kawaida ndani ya siku mbili au tatu, kabla majeraha ya upasuaji hayajaanza kung'aa kama uvimbe. Picha hiyo ndiyo kipimo ambacho zote zijazo zitalinganishwa nacho. Ukihamia hospitali nyingine, omba picha zenyewe pamoja na ripoti, kwa maana daktari mpya hawezi kulinganisha kwa kusoma maelezo tu.