Nusu nyumba: maana yake kwa wanaopanga makazi ya gharama nafuu

Nusu nyumba ni makazi ambayo familia hukabidhiwa yakiwa hayajakamilika, tena kwa makusudi, ili waendelee kuyajenga wenyewe kadiri kipato kinavyoruhusu. Kama fedha zilizopo hazitoshi kujenga nyumba nzima iliyo bora, basi zijenge zile sehemu ambazo mwenye kipato cha chini ni vigumu kuzijenga sawasawa peke yake: msingi, kuta zinazobeba uzito, paa, ngazi, mabomba, jiko na choo. Chumba cha ziada fundi wa mtaani atakijenga. Bomba la maji taka lililokosewa chini ya sakafu ni balaa jingine.

Mfano unaotajwa sana ni Quinta Monroy, katikati ya mji wa Iquique, Chile. Familia karibu 100 zilikuwa zimeishi hapo kwa miaka 30 bila kumiliki ardhi, zikibanana kwenye nusu hekta. Ruzuku ya serikali ilikuwa dola 7,500 kwa familia, na humo humo vilipiwe kiwanja, miundombinu na nyumba. Njia rahisi ingekuwa kuwahamishia pembezoni, mbali na ajira na shule. Lilipokuja wazo la ghorofa ndefu, wenyeji walitishia kugoma kula, kwa sababu nyumba ya huko juu haiongezeki.

Kampuni ya Elemental, inayoongozwa na msanifu Alejandro Aravena, ikajenga nyumba za mita za mraba 36 hivi, zikiachiana mapengo. Pengo hilo ndilo ubunifu wenyewe: limezungukwa na kuta imara, kwa hiyo anayelijaza hamzibii jirani mwanga wala njia, na nyumba inaweza kufikia mita za mraba 70 hivi. Nyumba zilizunguka nyua za pamoja, kila ua ukiwa wa familia 20 hivi. Idadi hiyo naiona ya busara kuliko uwanja mmoja mkubwa, kwa sababu familia 20 zinaweza kukubaliana nani afagie.

Lawama zipo, na nyingine ni za haki. Asiyepata fedha hubaki na nusu yake miaka na miaka, na serikali mvivu inaweza kuuita umaskini huo ushirikishwaji. Bila mikopo midogo na fundi wa kushauri wakati wa upanuzi, kilichokabidhiwa ni nyumba ndogo tu.