Orutu ina uzi mmoja, haina sauti moja

“Mwalimu, si uzi ni mmoja tu? Wiki mbili zitanitosha.” Nafundisha orutu, zeze la Waluo wa Nyanza, magharibi mwa Kenya, na kuitengeneza, na maneno haya nayasikia kwa wanafunzi, kwa wazazi wanaowaleta, hata kwa wapiga gitaa ambao walipaswa kujua zaidi. Yananichosha, maana ni dharau kwa wazee wa Nyanza walioupa uzi huo mmoja maisha yao yote.

Uzi mmoja unatoa kila sauti ambayo vidole vyako vinaweza kuipata, na kuipata ndiyo kazi yenyewe. Gitaa lina vyuma shingoni: weka kidole kati ya viwili, noti imekaa. Kwenye orutu uzi umewambwa mbali na fimbo iliyo shingo yake. Kidole hakiukandamizi kwenye mti, kinaugusa ukiwa hewani, na sikio ndilo linaloamua kama umefika. Ukiusukuma zaidi kidogo, sauti inapanda, ukilegeza, inashuka. Ndiyo maana nakataa katakata kumchorea mtu alama kwenye fimbo. Alama itamwonyesha mahali pa kidole, haitamwonyesha uzito wake, na mwanafunzi aliyezoea kutazama alama huacha kusikiliza.

Mkono wa upinde nao hausugui ovyo. Mipigo mifupi ndiyo inayowainua watu kucheza, na mpigaji hushindana nayo huku akiimba, maana orutu hutamka mstari, sauti ikajibu, au viwili hivyo vikaenda pamoja, zeze likitia madoido pale mwimbaji anapovuta pumzi. Wanamuziki wa benga, muziki wa dansi uliotoka kwa Waluo, walihamishia kwenye gitaa mwendo huohuo wa nyatiti, kinubi cha Waluo, na orutu. Mtu anayeusifu kwenye gitaa kisha akauita wa kitoto kwenye uzi mmoja hajasikiliza vizuri.

Kwa hiyo, imba kwanza. Wimbo usioweza kuuimba bila ala hutaupiga. Kisha vuta upinde kwenye uzi mtupu, bila kidole chochote, mpaka sauti iache kukwaruza. Wanafunzi wengi hawalipendi zoezi hili. Silibadilishi.

Wapo pia wanaosema wapigaji wa kijijini walikuwa watu wasio na kazi, wafuata pombe. Wengi walikuwa wakulima na wavuvi: mchana jembe au nyavu, usiku matanga au arusi. Na usiku huo haukuwa wa kustarehe. Katika pakruok, desturi ya kujisifu katikati ya wimbo, mtu hutoa pesa, wimbo ukasimama, akajisifu au kumsifu rafiki, shemeji, watu wa kwao. Kisha mpigaji anaurudia wimbo palepale alipouacha, na mara nyingi jina lililotajwa limeshaingia ndani yake. Anatakiwa ajue koo, majina ya sifa, nani kaoa wapi, na nani asitajwe mbele ya nani. Akikosea jina matangani, kamwudhi mfiwa. Ukimwalika mzee kwenye shughuli yako, patana naye malipo kabla hajatoka nyumbani. Sahani ya chakula si malipo.

Orutu si nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane na hudonolewa kwa vidole. Orutu ina uzi mmoja na hupigwa kwa upinde. Nimemaliza.

Wala si fidla ya Wazungu iliyoigwa kwa vifaa duni. Fidla hiyo ina uso wa mbao na ubao wa kukandamizia nyuzi. Orutu ina uso wa ngozi, na ubao huo haina kabisa. Ndugu zake wako jirani: siiriri ya Waluhya na endingidi ya Baganda. Ukiijenga kwa vipimo vya fidla, unapata kitu kisicholia.

La mwisho, kwamba mwanamke hapigi. Miiko ilikuwepo, hasa kwa nyatiti, na siwezi kuifuta kwenye historia. Lakini Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la Anyango, amejifunza nyatiti na kuipiga hadharani, na Labdi Ommes wa Kenya anapiga orutu jukwaani. Mzazi akiniletea binti, namuuliza binti mwenyewe kama anaimba, basi.