Ukihama kazi katikati ya safari, pensheni ya zamani uifanye nini?

Wengi wanaonijia kwa ushauri wa mafao wameshasaini mkataba mpya. Wanakuja na karatasi mbili, ya mfuko wa zamani na ya mfuko mpya, na swali moja: huku mwajiri anachangia asilimia 8, kule alikuwa anachangia 6, si huku ni bora? Bado hatujui. Kabla ya asilimia yoyote, mimi huuliza hivi: uwekezaji ukienda vibaya, au ukijaliwa kuishi hadi miaka 95, pengo litazibwa na nani?

Kuna mifuko inayoahidi pensheni kwa kikokotoo. Tuseme kila mwaka wa kazi unakupa 1/60 ya mshahara wako wa mwisho. Ukitumikia miaka 15 utalipwa robo ya mshahara huo kila mwezi hadi mwisho wa maisha yako, na fedha za mfuko zikipungua, mwajiri ndiye anayedaiwa. Mifuko mingine ni ya akaunti binafsi: unachangia, mwajiri anachangia, fedha zinawekezwa, na ukistaafu unapewa kilichomo, kiwe kingi au kidogo. Ukitoka kwenye mfuko wa aina ya kwanza kuingia wa aina ya pili, umejitwisha mzigo uliokuwa wa mwajiri. Nyongeza ya asilimia 2 mara nyingi haitoshi kuulipia.

Anayehama akiwa na miaka 42 anakutana na jambo ambalo kijana wa miaka 25 halimgusi sana. Ile miaka yake 15 ingehesabiwa kwa mshahara atakaokuwa nao akiwa na miaka 60. Akiondoka leo, itahesabiwa kwa mshahara wa leo. Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka katika miaka 18 iliyobaki, na pensheni hiyo isiongezwe kitu, itakuwa na uwezo wa kununua chini ya nusu ya ilivyo sasa. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mfuko wa zamani liwe: nikiondoka, pensheni yangu itapandishwa kufuata mfumuko wa bei, na kwa kiwango gani? Wako ambao sheria inawalinda, wako ambao hawana kinga yoyote. Mifuko inayotumia wastani wa mshahara wa maisha yote ya kazi, ikiupandisha kila mwaka, haimuumizi sana anayehama.

Halafu kuna ile barua inayotaja kiasi unachoweza kuhamisha. Ni tarakimu kubwa, na inatia tamaa. Tafadhali usiichukulie kuwa ndiyo bei halisi ya pensheni yako. Wakokotoaji huchukua malipo utakayopata miaka ijayo na kuyapunguza kwa riba ili wapate thamani ya leo. Riba ikipanda, thamani hiyo inashuka. Mwaka 2022 riba za hati fungani za serikali ya Uingereza zilipanda kwa kasi, na kiasi walichopewa waliotaka kuhama kikaporomoka, ilhali pensheni waliyoahidiwa ilikuwa ileile.

Mimi huelekea upande wa kuiacha pensheni ya kikokotoo ilipo. Hubadili mawazo kukiwa na sababu nzito: mfuko una madeni mengi kuliko mali na mwajiri anayumba, au mwanachama ana ugonjwa utakaofupisha maisha na anataka fedha ziwafikie watoto. Ripoti ya tathmini ya mfuko ni haki yako kuiomba. Iombe.

Kama mifuko yote miwili ni ya akaunti binafsi, uamuzi ni mwepesi zaidi na unategemea ada. Fedha zikizaa asilimia 7 kwa mwaka kabla ya makato, mfuko unaokata asilimia 1.5 utakuachia baada ya miaka 20 pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko unaokata 0.5. Hakuna atakayekutumia ankara ya hasara hiyo.

Kuchukua fedha taslimu kwa sababu tu umebadili kazi, hilo nalipinga kabisa. Kodi hula sehemu yake, na miaka ya kukuza mtaji hairudi.

Tazama pia tarehe. Mifuko mingi huweka muda wa kusubiri kabla mchango wa mwajiri haujawa wako moja kwa moja. Mtu akiacha kazi wiki chache kabla ya tarehe hiyo, anaacha fedha nyingi mezani kwa mwajiri. Kinga ya kifo na ulemavu nayo kwa kawaida hukoma siku ya mwisho kazini, hivyo uliza ile mpya inaanza lini. Na ukiiacha pensheni kule nyuma, wapelekee anwani yako mpya na ujaze upya fomu ya wanufaika, hasa kama umeoa, umeolewa au umeachana tangu ulipoijaza mara ya kwanza.